Mama Vijiti na Sheria ya Plastiki

Siku kaka zake wawili walipokuja karakanani kulichukua keezo la marehemu baba yao, Mama Vijiti, siku hizo bado hajapata jina hilo, aliwakuta wameshafungua bolti mbili za miguuni. Hakupiga kelele wala hakulia. Alitua mkoba wake chini, akapanda, akakaa juu ya lile keezo, pale katikati ambapo kipande cha mti hufungwa kikazungushwa na kuchongwa, kisha akakunja mikono kifuani.

"Teremka, dada," kaka mkubwa alisema.

"Siteremki."

"Utafanya nini na keezo, mwanamke mzima wewe?"

"Nitakereza."

Kaka wa pili alicheka mpaka akashika mbavu. Walimbembeleza, wakamfokea, wakamwita kichwa kigumu, wakatoka nje kushauriana, wakarudi na kumkuta vilevile. Jua lilipofika utosini wakabeba meza, misumeno na mbao zote, wakamwachia kile chuma na bolti zake mbili sakafuni. Alisubiri mpaka sauti zao zikapotea njiani ndipo akashuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi ajishikilie ukutani.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Jambo ambalo kaka zake hawakulijua, kwa kuwa pale karakanani walikuwa wakipita kusalimia tu, ni kwamba miguu ya viti na vitanda iliyotoka humo kwa miaka mitatu ya mwisho ilikuwa kazi ya mikono yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba mzee macho yote mawili. Mwanzo mzee alimweka binti yake pembeni aone kwa niaba yake: "Niambie, nyuzi za mti zinaelekea wapi? Hapo pana fundo?" Baadaye alichoka kuuliza, akamkabidhi patasi. Wateja waliendelea kumsifu mzee kwa mkono wake usiotetereka, naye akawa anaitikia "asante, asante", huku akimkonyeza binti yake kwa jicho lisiloona.

Basi akabaki na keezo. Akaomba masalia ya mbao kwa maseremala, akakereza miguu ya viti, mipini ya nyundo, vishikio vya droo, chochote kilichotakiwa kuwa cha duara. Vile vijiti vilivyompa jina vilimjia kwa njia ya paa.

Karakana yake ilipakana na uzio wa klabu ya gofu. Alasiri moja mpira mweupe mgumu ulitoboa bati, ukadunda mezani, ukatumbukia kwenye ndoo ya maranda. Haukupita muda akafika mwenyewe aliyeupiga, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, kofia mkononi na haya tele usoni.

"Nisamehe sana, fundi. Bati nitalirekebisha."

"Bati utalirekebisha, hilo halina mjadala. Ila niambie, ulikuwa unamlenga nani?"

Mwalimu akacheka. Akatoa mfukoni kijiti kilichovunjika, kirefu kama kidole cha kati, akamweleza. Kila shimo linapoanza, alisema, mchezaji anaruhusiwa kuuinua mpira kidogo kutoka ardhini. Unachomeka kijiti hiki, wenyewe tunakiita tii, unaukalisha mpira kichwani pake, halafu unauchapa kwa fimbo kubwa. Hiki kilivunjika alipokuwa akikichomeka, akaona uvivu kutafuta kingine, mpira ukakaa vibaya na kwenda upogo.

Yeye alikipokea kile kipande, akakigeuza, akakitazama mahali kilipokatikia.

"Na hiki ndicho kinachowashinda?"

Kabla mwalimu hajajibu alikuwa ameshafunga kipande cha mti kwenye keezo. Akakikondesha katikati, akakichonga ncha, akakichimba kichwa kidogo kama kifuniko cha chupa kilichogeuzwa, akakipiga msasa na kumpa kikiwa bado cha moto.

"Kajaribu. Ukinitoboa paa tena, kosa ni la mkono wako."

Wiki iliyofuata mwalimu alirudi na bati jipya na wenzake watatu. Huo ndio ulikuwa mwanzo. Alipojifungua binti yake miaka michache baadaye, watu walikuwa wameshazoea kumwita Mama Vijiti, na mtoto hakupata hata nafasi ya kumpa mama yake jina.

Mtu asiyejua atadhani kijiti ni kijiti. Yeye alikuwa na ukali wake. Hakukata vijiti vyake kwa msumeno. Alivipasua kwa shoka dogo ili mti uachane kwa kufuata nyuzi zake mwenyewe, maana msumeno hupita unakotaka na kuacha nyuzi zimekatika katikati, na kijiti cha namna hiyo huvunjika kwa pigo la kwanza. Alivianika juu ya paa majuma mawili. Baada ya kuvikereza alivitia guniani pamoja na vipande vya mshumaa, na yeye na binti yake wakashika pembe za gunia kila mmoja upande wake, wakatikisa mpaka vijiti vikatoka vimepakwa nta na kung'aa. Vilikaa ndani ya chupa kubwa ya kioo kwenye kaunta ya duka la klabu, miaka nenda miaka rudi. Binti alipomaliza shule alipata kazi kwenye duka hilohilo, akawa anauza vijiti alivyovitikisa tangu anajifunza kutembea.

Kisha wanachama wakachagua nahodha mpya.

Tusimwonee mtu. Nahodha yule alikuwa mchapakazi. Alitengeneza pampu ya maji iliyokuwa imekufa, akapaka rangi vyoo, akamwondoa mlinzi aliyekuwa akilala. Alivaa viatu vyeupe, na ajabu yake ni kwamba vilibaki vyeupe hadi jioni. Lakini alikuwa na ugonjwa wa hadhi. Kila kitu alikipima kwa swali moja: wageni wataonaje? Siku moja akaangalia pale mahali pa kupigia mpira wa kwanza, akaona vipande vya vijiti vilivyovunjika vimetapakaa kwenye nyasi, akakunja uso.

Jioni hiyo binti aliingia karakanani amekumbatia ile chupa ya kioo. Mama yake alikuwa anafagia.

"Mbona umekuja nayo? Imepasuka?"

"Hapana, mama. Wamesema niitoe."

"Nani wamesema? Sema aliyesema."

"Nahodha." Binti aliiweka chupa mezani taratibu. "Kuanzia kesho ni vijiti maalumu tu. Vya mti haviuzwi dukani na havitumiki uwanjani. Amebandika tangazo. Mlinzi ameambiwa awaulize watu langoni."

Mama Vijiti aliuegemeza ufagio ukutani. "Hebu vitoe hivyo maalumu, maana najua umevibeba."

Binti alikuwa amevibeba kweli, aina mbili. Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, na kichwani kina nywele ngumu kama za mswaki. Mpira unakaa juu ya ncha za zile nywele. Cha pili kilikuwa cha plastiki pia, chenye bega: ukikichomeka kinazama mpaka begani na kukwama hapo, hivyo mpira unakaa kwa urefu uleule kila siku. Kwenye pakiti ya vile vya brashi paliandikwa kwa herufi nene kwamba mpira utakwenda hatua kumi na tano zaidi.

"Hatua kumi na tano," Mama Vijiti alisoma kwa sauti. "Kwani mpira wanaupiga kwa kijiti au kwa fimbo?"

"Wanasema nywele hazizuii mpira unapoondoka."

"Na mti unauzuia? Unaushika shati?"

Binti hakucheka. "Mama, naomba jambo moja tu. Usije ukanifukuzisha kazi."

Maneno hayo yalimchoma. Alimtazama binti yake, amesimama na shati la klabu lililopigwa pasi, akaona kwamba hofu yake si ya bure.

"Wewe uza vyao," akasema. "Uza kwa moyo mmoja, sikukatazi. Ila mimi sijaajiriwa na mtu."

Alipobaki peke yake alikifunga kile cha brashi kwenye jiliwa, akakipinda, akakipasua kwa patasi, akauchungulia moyo wake. Alitafuta kasoro kama mama mkwe anayekagua jikoni. Hakuiona. Kilikuwa kimetengenezwa vizuri, tena vizuri sana, na jambo hilo lilimuudhi kuliko tangazo.

Jumamosi wanachama walikuwa wamekaa kwenye baraza la klabu, mezani vinywaji, Nahodha akiwaeleza mipango ya mwezi. Mama Vijiti aliingia na aproni yake ya kazi, maranda bado yamemng'ang'ania kwenye nywele. Mlinzi alikuwa amemwambia langoni, "Mama, mimi nimetumwa tu," naye akamjibu, "Nimekuelewa, mwanangu, ila mimi sikutumwa na mtu," akapita. Hakuwa mwanachama. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Bwana Nahodha, shughuli zako nimezikatiza, nisamehe. Nimesoma tangazo. Nimekuja kuuliza vijiti vyangu vimekosa nini."

Nahodha aliweka kalamu chini kwa upole. "Mama, hakuna aliyesema vimekosa. Dunia inakwenda mbele. Hivi vipya haviachi uchafu, havivunjiki, na mpira unakwenda mbali zaidi. Ni suala la hadhi ya klabu."

"Uchafu wa vipande nimekuelewa, na hilo nitalijibu. Kutovunjika nimekuelewa. Hilo la mpira kwenda mbali, nani amepima?"

"Watengenezaji wamepima."

"Mimi nami ni mtengenezaji. Mbona hukuniuliza mimi?"

Kuna aliyepaliwa na kinywaji. Vicheko vikazunguka meza, na Nahodha mwenyewe akatabasamu shingo upande.

"Tupime hapa," Mama Vijiti akaendelea. "Kocha wa klabu apige, maana mkono wake haubahatishi. Mipira ileile, fimbo ileile. Kumi kwa vya brashi, kumi kwa vyangu, kwa kuchanganya. Wabeba mifuko ya fimbo wakae kule mbali wachomeke bendera mpira unapotua, wasijue upi umetoka wapi. Vyangu vikishindwa kwa hizo hatua kumi na tano, nitafunga mdomo na sitakanyaga hapa tena. Visiposhindwa, tangazo lishuke."

"Na nani ataandika?" Nahodha aliuliza.

"Binti yangu. Ni mfanyakazi wako."

Pale nyuma ya kaunta ya duka lililopakana na baraza, binti alitamani ardhi ipasuke. Lakini Nahodha, ambaye hakuwa na shaka hata chembe, alikubali mbele ya watu wote.

Asubuhi ya Jumapili hali ilikuwa shwari, hakuna upepo. Kabla ya kuanza, binti alimvuta mama yake pembeni. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, mimi nitaandika kitakachotokea. Kiwe kizuri, kiwe kibaya."

"Ukiandika kingine nitakukana," mama akamjibu, akamfuta kitu shavuni ambacho hakikuwepo.

Kocha alipiga. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa mabega, na alipozungusha fimbo hewa ilivuma. Wanachama walisimama nyuma ya kamba wakinyoosha shingo. Mpira wa kwanza, brashi, ukaruka mrefu na mnyoofu. Wa pili, mti, kijiti kikatokwa na ncha, mpira ukaenda uleule mwendo. Wa tatu, wa nne. Mama Vijiti alisimama mikono kiunoni, kila pigo analihisi mbavuni. Kijiti chake kilipovunjika aliinama akakiokota, akakitia mfuko wa aproni.

Walipomaliza, walipima kwa hatua bendera moja baada ya nyingine. Binti alisimama juu ya kiti na karatasi yake.

"Mpira uliokwenda mbali kuliko yote ulikuwa wa kijiti cha brashi," alisoma. Makofi yakapigwa. "Uliofuata, wa kijiti cha mti." Makofi tena, machache. "Uliokwenda karibu kuliko yote ulikuwa wa brashi. Kwa wastani wa mipira kumi, brashi imeshinda kwa hatua mbili. Vijiti vya mti vilivyovunjika ni vinne. Vya brashi hakuna."

Watu walimgeukia Mama Vijiti.

"Hatua mbili nazikubali," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka langoni. "Vinne vimevunjika, nakubali pia, na hivi hapa. Mwenye kuzitaka hatua mbili anunue brashi, simzuii. Mwenye kuchukia kubeba vijiti vitano mfukoni anunue brashi, atakaa nacho mwezi mzima. Lakini kumi na tano ziko wapi, Bwana Nahodha? Pakiti imesema kumi na tano. Kwa hatua mbili, ambazo kocha akipiga kesho huenda zikawa zangu, ndiyo unamwekea mtu mlinzi langoni amkague mfukoni?"

"Bado kuna suala la uchafu," Nahodha alisema. Uwekundu ulikuwa umempanda masikioni.

Hapo akajitokeza mtu ambaye hakuna aliyemtarajia, dereva wa mashine ya kukata nyasi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na klabuni wengi walijua mlio wa mashine yake kuliko sauti yake. Alikwenda kwenye banda lake, akarudi na kopo, akalipindua mezani. Vikamwagika vipande vya plastiki vya kila rangi, vingine vimetafunwa.

"Wapo waliovitumia hata kabla ya tangazo, na hivi ni vya majuma matatu tu," alisema. "Wanasema havivunjiki. Kwa fimbo, sawa. Kwa kisu changu vinavunjika, na kisu kinavunjika navyo. Vya mti navyo vinanisumbua, sitadanganya. Ila nikivipita vinasagika, mvua ikinyesha sivioni tena. Hivi nitaviokota mpaka nistaafu." Akakusanya vipande vyake kimoja kimoja, akarudi bandani. Hotuba ilikuwa imekwisha.

Mama Vijiti alidhani ameshinda. Alikuwa ameanza hata kufungua aproni aliposikia sauti anayoijua.

"Na mimi niseme, fundi?"

Alikuwa yule mwalimu wa hesabu, mteja wake wa kwanza, sasa amestaafu, nywele nyeupe pe. Alikuwa ameshika fimbo yake kama mkongojo, na mikono yake ilitetemeka kama majani.

"Mimi natumia cha plastiki," mwalimu alisema. "Si kile cha brashi, kile chenye bega. Nilianza tangu mwaka jana, kimyakimya. Mikono hii haiwezi tena kuchomeka kijiti chako kwa urefu mmoja. Mara kimezama mno, mara kimesimama kama mlingoti, naona aibu watu wakinisubiri. Kile chenye bega nakisukuma tu mpaka kinagota. Sitaacha kukitumia, fundi, hata tangazo likishuka. Nimeona heri nikuambie mwenyewe, mbele yako."

Nahodha alipomsema, Mama Vijiti alikuwa na majibu tele. Hili lilikuwa kweli. Aliitikia kwa kichwa, akaondoka kabla wanachama hawajalipigia kura tangazo kwa kunyoosha mikono. Ni binti aliyekimbia kumpa habari karakanani: tangazo limeshuka, wengi wamenyoosha mikono, hata wanaotumia brashi.

"Vizuri," alisema mama bila kugeuka.

"Mama, tumeshinda!"

"Nimesikia. Na Mwalimu je?"

"Mwalimu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

Mama alikuwa ameshachukua shoka.

Kwa siku nne hakukereza mguu wa kiti hata mmoja. Alitaka kijiti cha mti chenye bega, kizuri kama kile cha plastiki. Mtu akisikia ataona ni kazi ya dakika kumi. Naye ndivyo alivyodhani. Cha kwanza kilikatika palepale begani, maana hapo nyuzi zilikuwa zimekatwa ghafla. Cha pili hivyohivyo. Cha tano alikipa bega nene, kikagoma kuingia ardhini. Alitukana mti, akalitukana keezo, akajitukana mwenyewe. Binti alipomletea chakula cha mchana alimkuta amepiga magoti nje, anachomeka vijiti kwenye udongo mkavu na kuvivunja kwa teke.

"Mama, si utumie gundi? Ukibandika pete?"

"Nikibandika pete itakuwa kofia. Nataka bega."

Siku ya nne alibadilisha mawazo. Aliacha kulikata bega kwa mstari. Akaliteremsha polepole, kama shingo ya mtungi inavyoingia kwenye tumbo lake, ili nyuzi zishuke nalo zisikatike. Akakichomeka. Kilizama, kikagota. Akakipiga teke. Kikalala, hakikukatika. Akakichomoa, akakifuta kwa aproni, akakaa chini kwenye maranda na kuvuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Alimpelekea mwalimu kumi na viwili, mwenyewe, mpaka mlangoni kwake. Mwalimu alivaa miwani, akalitazama lile bega.

"Hiki umenitengenezea mimi?"

"Nimekitengeneza kwa sababu uliniambia ukweli na sikuwa na jibu. Kajaribu. Kikikushinda rudi kwenye plastiki yako, sitanuna."

Mwalimu alijaribu kwa mwezi mzima na kumletea majibu kama mtu anayesahihisha mtihani. Mvua ikinyesha na udongo ukiwa laini, vyako vinanifaa kuliko vile, alisema, havitelezi vidoleni. Kiangazi ardhi ikiwa kama tofali, havipenyi, natumia plastiki.

"Basi tumia vyote viwili," Mama Vijiti akasema. Na alimaanisha.

Tangu hapo mchezaji mgeni akiingia dukani na kuuliza kama inafaa kununua vijiti maalumu au achukue vya mti, binti humwuliza kwanza maswali: mikono yako ikoje, unacheza mara ngapi, una tabia ya kupoteza vitu? Anayepoteza vitu humuuzia vya mti. Anayelalamika kuhusu hatua mbili humuuzia brashi na kumtakia heri. Ile chupa ya kioo imerudi kwenye kaunta, na si chini ya meza kama Nahodha alivyopendekeza mwanzoni. Mama Vijiti alikataa. Alisema vikae palipo na vingine, macho kwa macho, au visikae kabisa.

Habari za kijiti cha bega zilitoka nje ya uzio. Vilabu vingine viwili vikatuma watu. Ndipo Nahodha alipokuja karakanani, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe. Alisimama mlangoni akitafuta mahali pa kukanyaga ambapo hapana maranda, hapakuwepo. Akaingia hivyohivyo na viatu vyake.

"Mama, nimekuja kwa amani. Nakiri, hiki cha bega ni kazi nzuri. Klabu inataka kukichukua." Akatoa karatasi ndani ya bahasha. "Tutachukua vyote utakavyotengeneza. Vitapakwa rangi ya klabu na kupigwa muhuri wetu. Unachotakiwa ni kutia sahihi tu kwamba hutauza kwingine."

Mama Vijiti alijifuta mikono. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Nahodha alisubiri. Alijaribu kusema jambo katikati, akanyooshewa kidole anyamaze, akanyamaza.

"Hapa pameandikwa 'kijiti cha klabu'," alisema hatimaye.

"Ndiyo, ni namna ya kuandika tu."

"Na hapa mbele, wale watu wa vilabu vingine niwafukuze."

"Si kuwafukuza. Kuwaelekeza kwetu."

"Bwana Nahodha, mwaka huu huu ulinifungia lango kwa sababu natengeneza hivi. Sasa unataka kunifungia lango tena, safari hii mimi nikiwa ndani." Aliikunja ile karatasi vizuri, kwa mikunjo yake ileile, akaitia ndani ya bahasha na kumrudishia. "Ukitaka vijiti, njoo ununue kama watu wengine. Nitakupa vilivyonyooka, sitakuchagulia vibovu. Sahihi sikupi."

"Wenzangu wananisubiri," Nahodha alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Nikawaambie nini?"

"Waambie umenikuta nina kazi."

Nahodha, labda kwa kukosa namna ya kutoka mikono mitupu, akaomba auziwe vijiti sita. Mama Vijiti akamhesabia sita, akaongeza cha saba kama anavyomwongezea kila mteja, akavifunga kwenye kipande cha gazeti. Kabla Nahodha hajafika mlangoni, Mama Vijiti alikuwa ameshafunga kipande kipya cha mti na kukanyaga swichi, na maranda yakaanza kuruka.